Mahali Pako Nimepalendea

Mimi ni Mchagga wa Kibosho, na Kiswahili nimekijua ukubwani. Nalisema hili mapema kwa sababu mambo yote ninayotaka kuyasimulia yalianzia hapo, kwenye aibu ya mtu wa bara anayeishi Kariakoo katikati ya watu waliozaliwa na lugha mdomoni. Mtu wa namna yangu akisikia neno asilolijua haulizi. Anatikisa kichwa, anajifanya ni neno la kila siku kwao, kisha anakwenda kulitumia mbele ya watu wengine. Nilifanya hivyo miaka mingi na nikasalimika. Mwaka wa hamsini na saba sikusalimika.

Kazi yangu ilikuwa kupinda kanga. Cherehani yangu ilikaa kwenye baraza ya duka la Shaibu, muuza kanga wa jumla wa Mtaa wa Swahili, na yeye alinivumilia pale kwa kuwa mteja aliyeniona mimi nje aliona na duka lake. Mwanamke akinunua doti hutoka nayo ikiwa kitambaa kimoja kirefu, vipande viwili vimeshikana. Mimi ninakata katikati, ninapinda kingo, ninampa kanga mbili zake, moja ya kujifunga na moja ya kujitanda. Kanga ni mbili. Ukimwona mwanamke ana kanga moja ujue ya pili iko kwa mtu, au kuna jambo.

Nilipanga Mtaa wa Mchikichi, nyumba ya vyumba sita na ua mmoja, mimi na mke wangu Blandina na mtoto wetu Wilbert. Chumba kilichotazamana na chetu kilikuwa cha Uwesu, Mndengereko wa Rufiji, na mkewe Sabaha wa Kilwa Kivinje, na binti yao mmoja, Mgeni. Uwesu alikuwa mpanga herufi katika kiwanda cha chapa huko Gerezani. Kiwanda hicho kilipiga chapa gazeti dogo la kila Jumamosi lililoitwa *Mnadi*. Kutwa nzima alisimama mbele ya visanduku vya herufi za madini ya risasi, anaziokota moja moja na kuzipanga kinyume, kutoka kulia kwenda kushoto, mpaka habari ya mtu mwingine inakamilika.

Mdomo wake ulikuwa mzito. Ulimwamkia akaitika, na hapo mazungumzo yakawa yamekwisha. Blandina, ambaye hajapata kuwa na uhaba wa maneno, alikuwa akisema, "Yule maneno yake yote anayaacha kazini." Lakini kwa mtoto alikuwa mtu mwingine. Jioni mlango wao ukiwa wazi tulimsikia akimsimulia Mgeni hadithi za kutunga, na mtoto akimkatiza kila mara kwa maswali, na yeye akimjibu bila kuchoka. Sisi tulisikia sauti tu. Nini kilisimuliwa hatukujua, na hakikutuhusu.

Masika ya mwaka huo surua ilipita mtaani. Wilbert wetu aliugua akapona. Mgeni aliugua siku nne akafariki, akiwa na miaka mitano. Mpaka leo kulisema hilo kwa mfuatano huo kunanichoma, kwamba wetu alipona.

Tukazika, tukakaa matanga, tukafanya arobaini. Na hapo ndipo nilipoliona jambo ambalo sikuwa nimelifikiria. Miaka yote ndani ya nyumba ile tulimwita Uwesu Baba Mgeni, na mkewe Mama Mgeni. Sasa tuwaiteje? Mimi nikaona ustaarabu ni kutowakumbusha. Nikaanza kusema Bwana Uwesu, nikaanza kusema shemeji. Nyumba nzima ikafanya hivyo, kila mtu kwa nia njema, na jina la mtoto likatoka uani siku moja na mkeka wa matanga.

Siku chache baada ya arobaini Sabaha alifunga mzigo akaenda kwao Kivinje. Alimwambia kila mtu anakwenda kupumzika kwa mama yake. Sababu yenyewe aliyepewa ni Blandina, na Blandina aliniambia usiku huohuo.

"Amekaa mahali pa mtoto."

"Nani?"

"Uwesu. Pale pembeni ya mkeka, karibu na mlango, alipokuwa anakaa Mgeni. Jana wameandaa chakula, yeye akaenda akakaa palepale, akala. Sabaha hakumaliza hata tonge."

"Mkeka ni mkeka, Mama Wilbert. Mtu anakaa anapopata nafasi."

Blandina alinitazama akageukia ukutani. Sikuelewa, na kwa kuwa sikuelewa niliona wanawake wanakuza mambo. Nilikuwa mwepesi sana wa kuona hivyo siku zile.

Mwezi ukapita, na wa pili, Sabaha hakurudi. Uwesu hakwenda kumfuata wala hakumwandikia barua. Alikwenda Gerezani, akarudi, akala sahani yake akiwa ameketi kizingitini, amekipa chumba mgongo. Nilimwona hivyo kila jioni nikadhani anafuata upepo.

Ndipo hadithi ilipoanza kutokea gazetini.

Lazima nieleze inavyofanyika. Ukurasa wa gazeti hauna budi kujaa. Mhariri anatoa habari, wenye maduka wanatoa matangazo, mpanga herufi anazipanga zote, na mara nyingi chini ya safu kinabaki kipande kitupu. Kazi ya kukijaza ilikuwa ya Uwesu. Zamani alitia bei za nazi, au mawaidha ya kuchemsha maji ya kunywa. Mwezi wa nane akaanza kutia hadithi. Hakuiandika popote, aliipanga kwa mkono moja kwa moja, herufi kwa herufi, na ilimalizika pale pengo lilipomalizika. Wiki ya matangazo mengi tulipata mistari mitatu. Wiki ya matangazo haba tulipata robo safu, na mimi nikajikuta naombea wenye maduka wakose biashara.

Hadithi yenyewe ilihusu mji fulani ambao mtu akisafiri, mahali pake kwenye mkeka hapakaliwi. Chakula kikipakuliwa, tonge la kwanza linawekwa pale. Wageni wakijaa mpaka wakasimama, pale hapakaliwi. Hakuna anayeuliza msafiri atarudi lini, kwa kuwa kuuliza ni kama kumharakisha. Na kitendo hicho watu wa mji ule walikiita kulendea. Baba akiwa safarini, mama humlendea. Ndugu akiwa vitani, nduguze humlendea.

Nililisoma neno hilo barazani, mguu ukiwa kwenye cherehani, nikatikisa kichwa. Kulendea, naam. Nilijiambia ni neno la watu wa Unguja. Siku ya pili nilimwambia mteja mmoja Mzaramo, "Doti yako nimeilendea hapa," na yeye akatikisa kichwa pia. Baadaye sana ndipo nilipojua kwamba yule mama alidhani ni neno la Mombasa. Watu wa Tanga walidhani ni la kusini, watu wa kusini wakadhani ni la Lamu, na hakuna aliyekuwa tayari kuwa mtu wa kwanza kuuliza. Likaenda hivyo, kutoka mtu mwenye aibu hadi mwingine.

Na nisiseme ni aibu tu iliyolibeba. Neno lilikuwa na kazi. Kariakoo nzima ni ya watu walioacha mtu mahali: mke Songea, mama Moshi, mtoto Tabora kwa bibi yake. Kila mmoja wetu alikuwa na mtu wa kumlendea na hakuwa na namna ya kulitaja jambo hilo. Kufikia mwezi wa kumi mgahawa mmoja ulitia tangazo ndani ya *Mnadi* lenyewe: *Meza yako tunakulendea*. Wiki iliyofuata familia ya marehemu fulani wa Ilala iliandika chini ya tangazo la shukrani, *Tutamlendea siku zote*. Haya yote Uwesu aliyapanga kwa mkono wake, neno kwa neno, na hakumwambia mtu kitu.

Sasa nifike kwenye kosa langu. Kila mwaka Shaibu alituma ng'ambo oda ya kanga mpya, na kila kanga ilitaka maneno. Mara nyingi aliniuliza mimi, kwa kuwa barazani pale ndipo wanawake waliposema yaliyo moyoni wakingoja pindo. Mwezi wa kumi na moja alitoka na karatasi yake.

"Isidori, nipe maneno. Yasiwe ya kutukanana. Mwaka jana nimeuza matusi mpaka nimechoka."

Sikufikiri hata kidogo. "Andika: Mahali pako nimepalendea."

Shaibu, ambaye ni mtu wa Pangani na anajivunia Kiswahili chake kuliko duka lake, alishika kalamu bila kuandika. Niliona jicho lake likicheza. Kisha akasema, "Ah, kulendea. Neno la kale hilo. Marehemu bibi yangu hakuwa na jingine." Akaandika.

Marobota yalifika mwezi wa nne mwaka uliofuata. Kanga nyekundu, pindo jeusi, na katikati ya upande maneno yangu kwa herufi kubwa. Sijawahi kuzaa kitu kikapendwa vile. Wanawake walisimama mpaka barabarani. Wafanyabiashara wa Lindi na Kilwa walibeba marobota mazima bila hata kuyafungua. Nilipinda mpaka sindano ikawa ya moto, na jioni ya Jumamosi nikaweka doti moja kwapani nikaenda nayo nyumbani kwa furaha, nikimfikiria Uwesu. Mke wake hayupo, nikajiambia, na neno limetoka gazetini kwao. Atampelekea Kivinje kama zawadi, watapatana.

Nilimkuta kizingitini.

"Shika, Bwana Uwesu. Mpelekee shemeji. Maneno nimeyachagua mwenyewe."

Alikunjua kitambaa magotini. Alianza kukisoma kutoka kulia, kwa mazoea ya kazi, kisha akarudia kutoka kushoto.

"Hili neno umelitoa wapi?" akauliza.

"Gazetini kwenu. Kwani si neno la huku kwenu pwani?"

"Si la pwani."

"La wapi?"

"La Mgeni."

Ulikuwa mwaka mzima tangu jina hilo lisikike katika ua ule. Blandina alikuwa anachambua mchele upande wa pili, na mkono wake ulisimama juu ya ungo.

Uwesu aliongea siku hiyo kuliko siku zote nilizomjua, na aliongea akiitazama kanga. Siku za Ijumaa gazeti likipigwa chapa alichelewa kurudi, na Mgeni hakukubali mtu yeyote akae mahali pa baba yake. Aliweka tonge pale, akalinda. Basi yeye akamtungia hadithi ya mji ambao watu wote wanafanya hivyo. Alipofika kwenye jina la kitendo akakwama, akamwuliza mtoto, "Kitendo hicho wao walikuwa wanakiitaje?" Na Mgeni, bila kufikiri, kama mtu anayeulizwa jina la mtaa wake, akasema, "Kulendea."

"Picha yake hatuna," alisema Uwesu. "Nguo mama yake amezigawa, kama inavyotakiwa. Kitu chake tulichobaki nacho ni hicho tu. Hatujawahi kukisema mbele ya mtu."

"Sasa kwa nini ulilitia gazetini?"

"Pengo lilikuwa la mistari minne. Mkono ulikwenda wenyewe." Alifikiri. "Gazeti leo linasomwa, kesho linafungia samaki. Na halifiki Kivinje. Nilikuwa ninamwambia Sabaha mahali ambapo hawezi kunisikia."

Akaikunja kanga vizuri kwa mikunjo ileile iliyotoka nayo dukani.

"Kanga inafika Kivinje?" akauliza.

Nilikuwa nimeyaona mwenyewe marobota mawili yakipakiwa kwenye meli ya kusini siku ya Jumanne. Nilitamani kusema uongo, lakini Blandina alikuwa ananitazama.

"Inafika."

Uwesu alitikisa kichwa. "Ataliona kiunoni kwa mwanamke asiyemjua. Atasema nimempeleka mtoto sokoni. Kwanza nilikaa mahali pake, sasa nimeuza neno lake." Hakulia. Alirudisha kanga mkononi mwangu, akaingia ndani, akafunga mlango polepole.

Mimi ndiye niliyelia, na nililia kwa hasira, maana sikuwa na wa kumkasirikia isipokuwa mwenyewe. Mtu mzima, fundi, nilishindwa kusema maneno mawili tu: maana yake? Jumatatu nilikwenda kwa Shaibu nikamwambia habari yote, nikidhani atacheka kwamba neno la bibi yake limetungwa na mtoto wa Mchikichi. Hakucheka. Alikuwa ameandaa karatasi ya oda ya pili, marobota mengi zaidi. Alichukua kalamu akaufuta mstari wa maneno yale mara mbili, akapangusa kalamu, akaanza kunung'unikia vumbi la barazani kama kawaida yake. Lakini yaliyokwisha kwenda yalikwenda.

Nilimshikilia Uwesu aandike barua. Jumamosi tatu mfululizo alikaa kizingitini na karatasi magotini, na Jumamosi tatu akaikunja tupu. Ya tatu nilimfokea.

"Wewe unapanga maneno ya mji mzima. Ya maiti, ya harusi, ya wakubwa wa serikali. Barua moja kwa mkeo inakushinda?"

"Ya watu ninayaona kwenye karatasi, ninayanakili," alisema bila hasira. "Yangu ninayanakili wapi?"

Nikaondoka.

Mwezi wa sita barabara ya kusini ilikauka, na lori la Kilwa likaanza tena safari. Ijumaa moja asubuhi utingo wa lori hilo, kijana wa watu anayeitwa Kitwana, alikuja barazani na kifurushi kilichofungwa kwa ukili.

"Wewe ndiye Isidori fundi? Kuna mama mmoja Kivinje kaniagiza. Kasema hii uipinde, halafu umpe mume wake."

Nilifungua. Ilikuwa ni kanga yangu nyekundu, kipande kimoja, kimekatwa kutoka kwenye doti yake kwa kisu, nyuzi zinaning'inia.

"Cha pili kiko wapi?"

"Anacho mwenyewe. Na kasema umwulize huyo mume wake swali." Kitwana alitazama juu, akilikumbuka. "Siku hizi pale kwenye mkeka anakaa nani?"

Kwa miaka yote niliyofanya kazi ile, ile ndiyo kanga pekee niliyoipinda vibaya. Mshono ulikwenda upande, nikaufumua nikaanza upya. Kisha nikafunga cherehani na kutembea mpaka Gerezani, kwa kuwa niliona jambo hili halifai kungoja jioni.

Uwesu alikuwa anafunga ukurasa wa mwisho, vidole vyeusi kwa wino. Nilimkunjulia kanga mbele yake ili asiichafue. Akaiona ni kipande kimoja. Akaelewa kabla sijafungua mdomo, lakini swali nililisema kama nilivyopewa.

"Hakai mtu," alijibu. "Tangu alipoondoka sijala ndani. Umeniona."

Nilikuwa nimemwona, mwaka mzima, nikadhani anafuata upepo.

"Basi siku ile ulikaa pale kwa nini?"

Alitazama ule ukurasa wa risasi uliokuwa mezani kwake. "Sikuweza kupatazama pakiwa patupu. Mimi kazi yangu ni hiyo, Bwana Isidori. Miaka kumi na moja, nikiona pengo ninalijaza. Nilipaona pale, nikaenda nikakaa. Nilipokuwa nimeshakaa ndipo nilipomwona Sabaha ananitazama, na sikujua namna ya kuinuka."

"Nenda ukamwambie hivyohivyo."

"Kwa mdomo?"

"Kwa mdomo. Lori linarudi Kilwa kesho alfajiri. Nimemwambia Kitwana akuwekee nafasi."

Nilitaka kuondoka, kisha nikageuka.

"Safari njema, Baba Mgeni," nikamwambia.

Alisimama palepale, herufi mkononi. Halafu akasema, "Ahsante, Baba Wilbert," na macho yake yakajaa, na mimi nikatoka haraka kwenda kutazama magari.

Jumamosi *Mnadi* lilitoka. Nilifungua ukurasa wa mwisho kutafuta hadithi, kama kila wiki. Chini ya safu ya tatu, baada ya bei za pamba, palikuwa peupe. Nafasi ya mistari mitano, imezungushiwa mstari mwembamba kwa unadhifu kabisa, na ndani yake hamkuwa na herufi hata moja. Barazani watu walibishana. Mmoja alisema ni serikali imekataza habari. Mwingine alisema mashine imekula wino. Mhariri, nilisikia, alikuwa ametafuta mtu wa kumgombeza akaambiwa ameshavuka Rufiji. Mimi nilikata kipande kile kwa mkasi wa kazi nikakiweka katika saraka ya cherehani, chini ya vifungo.

Wiki nne zikapita. Blandina alifagia mlango wa chumba chao kila asubuhi, na sikumsikia akilalamika. Mimi kila lori lililopita niliinua kichwa, na nilidungwa na sindano mara nyingi kuliko wakati nilipokuwa mwanafunzi wa kazi.

Kisha siku moja, saa nne asubuhi, kivuli kikasimama mbele ya cherehani, na mkono ukaweka mbele yangu kipande cha kanga nyekundu, kimekatwa kwa kisu.

"Nipindie hii," alisema Sabaha.

Alikuwa amekonda, na nywele mbili tatu za mvi zilichungulia penye mtandio. Nilisimama. Nilikuwa nimejiandalia maneno ya kumwomba radhi, mazuri, mengine ya gazetini kabisa, na yote yakanitoroka.

"Ni mimi niliyelipeleka kwenye kanga," nikasema. "Si yeye. Sikujua ni la nani. Niliona aibu kuuliza."

"Kaniambia." Alikaa kwenye ngazi ya baraza. "Nililiona kisimani. Mwanamke mmoja, simjui, kajifunga. Nilidhani nitamvua pale pale. Nikamfuata mpaka kwake, nikamwuliza, unajua ulichovaa kinasema nini? Akanishangaa, akasema, ni pale mahali pa mtu wako asiyekuwepo, wewe hukai na humruhusu mwingine kukaa. Mumewe yuko Mombasa, mwaka wa tatu." Alikilaza kipande kile magotini, akakinyoosha kwa kiganja. "Alilisema sawasawa. Kama alivyokuwa analisema mwanangu. Nikarudi dukani nikanunua doti."

Nilifungua saraka, nikasogeza vifungo, nikamtolea kile kipande cha gazeti. Alisoma bei za pamba zilizokuwa juu, akasoma tangazo la baiskeli lililokuwa pembeni, kisha akafika pale peupe. Aliweka kidole juu yake, akakiacha pale kwa muda.

"Hapa hakukaa mtu?"

"Hakukaa mtu, Mama Mgeni."

Alifunika uso kwa ncha ya mtandio. Nilikaa kwenye cherehani nikaipinda kanga yake taratibu, kwa mshono ulionyooka, na yeye alingoja palepale mpaka ilipokamilika.